Samaki Klauni Akiugua Tangini, Maji Yapimwe Kabla ya Dawa

Samaki klauni, yule mdogo wa rangi ya chungwa na mikanda myeupe aliyepata umaarufu kupitia filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, ni mgumu wa kufa akitunzwa vizuri. Akianza kuhema au kukataa chakula, wengi wanaofuga samaki wa mapambo hukimbilia duka la dawa na kuzimimina moja kwa moja ndani ya tangi. Hapo ndipo hasara huanzia. Dawa nyingi za vimelea vya samaki zina shaba, na shaba hiyo huua pia matumbawe, anemoni, kamba na konokono wanaoishi naye.

Hatua ya kwanza ni kupima maji. Amonia na naitraiti zinapaswa kuwa sufuri, joto nyuzi 25 hadi 27, na chumvi takriban gramu 35 kwa lita. Amonia huchoma matamvua, na samaki huhema juu juu kama mgonjwa ilhali hana kimelea chochote. Huyo tiba yake ni kubadilishiwa sehemu ya maji kwa maji safi ya chumvi na joto lile lile. Yakichotwa baharini, yasitoke karibu na bandari wala mifereji ya majitaka. Stima nazo zikipotea kwa saa kadhaa, pampu husimama na hewa hupungua, hasa miezi ya joto kali, kwa kuwa maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Kipampu cha hewa cha betri kinafaa kuwekwa karibu.

Maji yakiwa sawa, ngozi ya samaki ichunguzwe kwa tochi. Madoa meupe kama chembe za chumvi ni dalili ya kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Ugonjwa huu hudanganya watu: madoa hutoweka baada ya siku chache na mwenye tangi hushangilia, kumbe vimelea vimedondoka mchangani, vimejifunga ndani ya vifuko, na vitaibuka vingi zaidi. Vumbi laini la rangi ya dhahabu, samaki akihema kwa kasi na kujipeleka kwenye mkondo wa pampu, ni jambo la dharura zaidi. Hicho ni kimelea cha Amyloodinium, kinachoweza kuua kwa siku moja au mbili. Ute mzito unaobambuka kama ngozi iliyoungua ni Brooklynella, ugonjwa unaowashambulia sana samaki klauni, hasa waliovuliwa baharini karibuni. Nao huua kwa siku chache. Vinundu vyeupe kwenye mapezi, samaki akiendelea kula, kwa kawaida ni vya kirusi kisicho na dawa, na mara nyingi hupona vyenyewe.

Matibabu hufanyiwa nje ya tangi kuu. Beseni au tangi dogo la lita 40 hivi latosha, lenye pampu ya hewa na kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia, bila mawe wala mchanga, kwani hivyo hufyonza shaba na kipimo kikaharibika. Kwa madoa meupe na vumbi la dhahabu, dawa ya shaba ya kawaida hudumishwa kwenye miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita kwa wiki mbili au tatu, ikipimwa kila siku. Dawa za shaba zina viwango tofauti, kwa hiyo maelezo ya kwenye chupa yafuatwe. Brooklynella hutibiwa kwa kuogeshwa kwenye fomalini, na kemikali hiyo ni hatari kwa mapafu na macho ya binadamu. Kazi hiyo aachiwe daktari wa mifugo. Wakati akisubiriwa, samaki anaweza kuogeshwa kwa dakika tatu hadi tano kwenye maji baridi yasiyo na chumvi wala klorini, yenye joto sawa na la tangi. Akilegea kabisa, atolewe mara moja.

Palipoingia madoa meupe, samaki wote huhamishwa na tangi kuu hukaa bila samaki kwa siku 76 hivi. Matumbawe na anemoni hubaki. Vimelea hivyo haviwezi kuishi kwao, na vikikosa samaki hufa.

Kuna wanaomhurumia mgonjwa na kumwachilia baharini. Jambo hilo lisifanywe. Samaki wa filamu ile si wa bahari hii. Kwao ni mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Pwani ya Kenya ina klauni wake, Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos, na mgeni aliyeachiliwa anaweza kuwaletea maradhi. Aliyekufa azikwe, na maji ya tangi yamwagwe chooni, si kwenye mtaro unaoelekea ufuoni.

Anayetaka mwingine badala yake asiende kuvua ndani ya hifadhi ya bahari, kwani ni marufuku, na uvuvi wa samaki wa mapambo kwa biashara unahitaji leseni. Samaki mpya, hata aonekane mzima namna gani, akae peke yake wiki nne hadi sita kabla ya kuchanganywa na wengine.