Haya yenye kupita kipimo ni ugonjwa, si kiburi

Mu kambi zetu, mutu mwenye kukimbia watu anapewa majina mingi. Wengine wanasema: "Ule anajiona." Wengine: "Bamemuloga." Bibi naye anaanza kufikiri kama bwana iko na nyumba ingine. Pengine kweli ni mugonjwa, na ugonjwa wake unajulikana. Kwa kifaransa waganga wanauita « phobie sociale ». Munganga mufaransa Pierre Janet alishaandika juu yake mu 1903, kwa hiyo si jambo la vijana wa leo na telefone zao.

Haya ya kawaida kila mutu iko nayo. Kijana anayepeleka mahari anatetemeka, kisha anakula bukari na wakwe na inaisha. Ugonjwa ni kitu kingine. Mutu anaogopa sana kuangaliwa na kuhukumiwa na wenzake. Moyo unapiga mbio, jasho linatoka, koo inakauka, sauti inapotea. Inarudi karibu kila mara, miezi 6 ao zaidi, na mutu anaanza kupanga maisha yake yote ili asikutane na watu.

Ku kazi utamujua namna gani? Anakula peke yake, mbali na wengine. Siku ya kutia sahihi mu rejista, kalamu inatetemeka kama kuko mutu anamuangalia. Wanataka kumupandisha cheo awe kapita, anakataa, juu kapita anapashwa kusema mbele ya watu. Wanamukata franka kwa makosa, ananyamaza. Hata kilio anakosa, na kwetu mutu mwenye kukosa kilio, munajua wenyewe vile watamusema.

Mimi kama delege wa sendika, naliweka jambo hili pamoja na mambo ya usalama. Asubui, mbele ya kushuka, kapita anauliza: "Nani iko na neno?" Yule mwenye kuona jana jiwe limelegea juu ya njia anasimama nyuma kabisa, na hasemi, juu anajua watu 30 watageuza macho kwake. Posti inashuka, na jiwe liko pale pale.

Mara nyingi ugonjwa unaanza utotoni ao mu ujana. Mutoto anajua somo, lakini mwalimu akimuita mbele anakuwa bubu. Wanamupiga kwa ukaidi, anaanza kukimbia masomo. Kuna jamaa ambamo woga huu unapatikana kwa watu wengi, na kuna wenye kuupata kisha kuchekwa ao kuhaibishwa sana. Hakuna mwenye kujichagulia.

Wengi wanajitibu na lutuku. Kopo moja mbele ya mukutano, ulimi unafunguka. Inatuliza saa moja, kesho woga unarudi na nguvu zaidi, na mutu mwenye kulewa chini ya ardhi ataua wenzake pamoja naye. Valium ya kununua moja-moja ku soko si afazali: inaleta usingizi, na mwili unaizoea mupaka hauwezi kuiacha. Mwenye kuendesha mutambo mukubwa asiiguse bila munganga kujua.

Matunzo ya kweli yako. Ya kwanza ni mazungumuzo na mutu aliyesomea kazi ile. Anakufundisha kupanda ngazi, kidogo kidogo. Juma hili unasalimia mulinzi wa mulango na kumuangalia mu macho. Kisha unauliza mwenzako mumoja ulizo moja. Kisha unasema maneno mawili mbele ya watu wane. Neno kubwa ni kutokimbia: ukibakia pale, woga unapanda, unapanda, halafu unashuka wenyewe, na mara nyingi ukirudilia, unapanda kidogo kuliko jana. Kuna dawa pia, zile zile zenye kutumiwa kwa huzuni kubwa. Zinaomba majuma kazaa mbele ya kusaidia, na usiziache kwa gafula.

Anza ku munganga wa kompanyi, umutajie lile jina la kifaransa. Sheria ya kazi ya 2002 inalazimisha mwajiri kutunza mutumishi mugonjwa pamoja na bibi na watoto wake, na haisemi kama ugonjwa wa mawazo hauingie. Mu Lubumbashi kuko Centre neuropsychiatrique Joseph Guislain. Wachimbaji wenye kutumika bila kontra, sheria hii haiwafikie, na hiyo ni vita ingine. Wao waanze ku kituo cha afya cha karibu.

Sisi wenzake tuache kucheka. Tusimusukume mbele kwa gafula, "Sema sasa!", anazidi kufunga. Mwambie leo kama kesho utamuomba aseme. Kwa kipande chetu, tuliomba kapita apokee habari za hatari hata pembeni, mutu kwa mutu, ao ku karatasi. Alikubali, na haikumugarimu kitu.

Na ninyi wamama: kusema kila mara mu nafasi ya bwana ao ya mutoto, kwa huruma, kunamufungia zaidi. Mutumeni aende mwenyewe kununua mukate ku duka. Atakawia. Mumungojee.