Je, Wajua? Bata wa Bwawani Huenda Ametoka Bandani

Bata wengi wenye rangi za ajabu katika mabwawa ya bustani za Uingereza si wa jamii mpya. Ni wa kufugwa waliotoroka au kutelekezwa, au vizazi vyao. Karibu bata wote wa kufugwa wametokana na bata mwitu *Anas platyrhynchos*, ambaye dume wake ana kichwa cha kijani na pete nyeupe shingoni.

Ili kumtambua mwenye asili ya kufugwa, tazama kwanza kifua: doa kubwa jeupe ni dalili ya damu ya bandani. Kisha umbo. Wa mwitu ana takriban kilo 1 na huruka vizuri. Wa kufugwa mara nyingi ni mzito, nyuma amelegea, kuruka hawezi. Lakini manyoya ya mkia yaliyojikunja hubaki kwa dume, hata aliye mweupe kabisa.

Usimtupe bata wako bwawani: huzaana na wa mwitu.