Bima ya Afya Ujerumani: Kutoka ni Rahisi, Kurudi ni Kazi

Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya kuwafungulia njia wafanyakazi wenye ujuzi. Wanaojiandaa kwenda huhangaikia viza, lugha na nyumba ya kupanga. Bima ya afya huachwa mwisho, kisha huamuliwa kwa pupa, kwa kuwa sheria ya huko haimruhusu mkazi yeyote kukaa bila bima. Swali linaloulizwa huwa moja: ipi nafuu, ya umma au ya binafsi? Naamini swali hilo limeanzia pabaya. Kwanza mtu ajiulize kama ataweza kutoka katika bima anayoingia siku maisha yake yatakapobadilika.

Bima ya umma ilianza mwaka 1883, enzi ya kansela Otto von Bismarck, na leo inabeba takriban watu tisa katika kila kumi. Mchango wake unafuata mshahara. Mwaka 2025 ulikuwa asilimia 14.6, pamoja na nyongeza ya wastani wa asilimia 2.5, na mwajiri hulipa nusu ya yote. Mkenya anayekatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya SHA, bima ya afya ya umma ya Kenya, ataitambua kanuni hiyo, ingawa yeye mwajiri wake hamchangii. Bima binafsi haiangalii mshahara. Inaangalia umri wako siku ya kujiunga, hali ya afya yako na huduma ulizochagua. Muuguzi, dereva au mpishi kwa kawaida hana cha kuchagua: aliyeajiriwa kwa mshahara usiozidi kikomo, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 73,800 kwa mwaka, huingizwa bima ya umma kwa nguvu ya sheria. Wanaochagua ni mhandisi au mtaalamu wa kompyuta aliyevuka kikomo hicho, na mwanafunzi anapoanza masomo. Aliyejiajiri akitoka moja kwa moja Nairobi au Dar es Salaam mara nyingi huukuta mlango wa umma umefungwa, kwa sababu sheria inamtaka awe amekwisha kuwa ndani ya mfumo huo kwa muda fulani.

Tofauti ya mifumo hii miwili huonekana wazi kwenye fomu ya kujiunga. Fomu ya bima binafsi inauliza umelazwa lini, umetumia dawa gani, una presha, kisukari, pumu, umewahi kumwona daktari wa akili. Jibu moja laweza kupandisha malipo, kuondoa ugonjwa huo kwenye huduma, au kukunyima bima kabisa. Ukificha, na ikagundulika baadaye, kampuni inaweza kuuvunja mkataba, pengine wakati ule ule unapougua. Mfuko wa umma hauruhusiwi kukukataa kwa sababu ya ugonjwa. Kwa familia yenye mtoto mwenye selimundu, hoja hiyo peke yake yatosha kumaliza mjadala.

Kijana wa miaka 28, mzima wa afya na asiye na familia, atasema bima binafsi inamgharimu kidogo zaidi. Mara nyingi ni kweli. Mwaka 2025 mwenye mshahara mkubwa alikatwa hadi euro 471 hivi kwa mwezi kwa bima ya umma, ukiacha ile ya utunzaji wa wazee na wasiojiweza, na kampuni binafsi zinaweza kumtoza chini ya hapo. Lakini akioa, akapata watoto wawili, na mkewe akawa hana kipato, kwenye bima ya umma makato yake yanabaki yale yale: mke na watoto wanaingia bila kulipiwa. Kwenye bima binafsi kila kichwa kina malipo yake. Na akistaafu, pensheni itakuwa ndogo kuliko mshahara ilhali malipo hayapungui kuifuata. Watetezi wa bima binafsi husema kampuni hutenga akiba kwa ajili ya uzee wa mteja. Hutenga, kwa amri ya sheria. Akiba hiyo hupunguza makali, lakini haizuii malipo kupanda gharama za matibabu zinapopanda. Kabla ya miaka 55 mtu anaweza kurudi umma, kwa mfano mshahara ukishuka chini ya kikomo. Akishatimiza 55, kwa kawaida mlango umefungwa.

Hoja nzito zaidi ya watetezi hao ni ya miadi. Mwenye bima binafsi humwona daktari bingwa mapema, kwa kuwa daktari anaruhusiwa kumtoza zaidi. Hilo linaudhi, na wanaolalamika wana haki. Hata hivyo, aliye kwenye bima ya umma akiwa na rufaa ya dharura anaweza kupiga 116117 atafutiwe miadi ndani ya wiki nne, na anaweza kununua bima ndogo ya nyongeza kwa ajili ya meno au chumba cha peke yake hospitalini. Tena yeye huonyesha kadi mapokezi na kuingia. Mwenzake hutumiwa ankara kwa posta, na mara nyingi hulipa kwanza ndipo adai arudishiwe.

Anayejua kwa hakika kwamba atarudi nyumbani baada ya miaka mitatu ana sababu ya kuchagua binafsi, mradi asiichanganye na zile bima rahisi za wageni, zenye ukomo wa miaka na zisizogharimia maradhi uliyokuja nayo. Asiye na hakika, na akaanza kazi yake ya kwanza Ujerumani kwa mshahara uliovuka kikomo, ana miezi mitatu tu tangu siku ya kwanza kazini kuuandikia mfuko wa umma na kuomba uanachama.