Reale ya Maria Theresa: Unalipia Fedha au Umri?

Ukiletewa sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mama aliyejitanda ushungi na mwaka 1780, usifanye haraka kulipa bei ya kitu cha kale. Huenda ilipigwa Vienna juzi tu.

Maria Theresa, mtawala wa Austria, alifariki mwaka huo wa 1780. Lakini wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameshaiamini reale yake, na sarafu yenye sura nyingine waliitilia shaka. Basi iliendelea kupigwa bila kubadilishwa mwaka. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Ethiopia, alipata kutoka Austria mihuri ya kupigia reale hiyo, akaipiga Roma. Mwaka uliofuata Waingereza nao wakaanza kuipiga London. Paris, Brussels na Bombay nako ilipigwa.

Kwa hiyo reale nyingi bei yake ni ya madini, na hesabu yake ni nyepesi. Uzito wake ni gramu 28.07, na usafi ni sehemu 833 kwa 1,000. Fedha halisi ndani yake ni gramu 23.4, yaani robo tatu ya wakia ya madini, ambayo ni gramu 31.1. Chukua bei ya wakia siku unayonunua, zidisha kwa 0.75.

Anayetaka kuweka akiba atarahisishiwa kazi na sarafu za wakia kamili, kama Maple Leaf ya Kanada, inayopigwa tangu 1988, au Philharmoniker ya fedha ya Austria, iliyoanza 2008. Hata hizo muuzaji huziongezea kitu juu ya bei ya madini, na ukimrudishia atakukata. Bei ya fedha lazima kwanza ipande kupita pengo hilo ndipo uone faida.

Mkusanyaji ana macho mengine. Yeye huhesabu manyoya ya mkia wa tai na kukagua lulu za kishikizo kifuani mwa malkia, maana tofauti hizo ndogo humwonyesha sarafu ilipigwa wapi na lini. Reale ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria (1882), ni adimu, hivyo bei yake huipita mbali fedha iliyomo.

Kabla ya kulipa, ipime kwenye mizani na uijaribu kwa sumaku, fedha haivutwi. Kwenye ukingo wa reale ya Austria tafuta maandishi yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Ukikuta weusi, usiusugue: kung'arisha huondoa tabaka la juu, na mkusanyaji hushusha bei papo hapo. Muuzaji akidai zaidi ya thamani ya madini, akuonyeshe alama inayoithibitisha ziada hiyo. Mwaka 1780 peke yake si ushahidi.