Falsafa, siasa na uchumi: ada moja, miaka tofauti ya deni

Pauni 28,605. Hiyo ndiyo ada ya miaka 3 ya shahada ya falsafa, siasa na uchumi pale Oxford kwa mwanafunzi Mwingereza, tukishika ada ya 2025/26, pauni 9,535 kwa mwaka. Kozi hiyo ilianza 1920 na imewatoa mawaziri wakuu 5 wa Uingereza, kuanzia Harold Wilson hadi Rishi Sunak. Ufundishaji wake haukubali umati: wanafunzi wawili watatu huketi mbele ya mhadhiri na insha zao, kila hoja ikahojiwa hapo hapo.

Wazazi wa vijana hawa hawakuikuta bei hii. Hadi 1998 ada ililipwa na serikali. Mwaka huo wanafunzi wakaanza kutozwa hadi pauni 1,000. 2006 ikawa 3,000, na 2012 ikaruka hadi 9,000.

Wengi hukopa serikalini, na hapo ndipo bei halisi inapojitokeza. Walioanza chuo kuanzia Agosti 2023 hukatwa asilimia 9 ya mshahara unaozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na baada ya miaka 40 deni lililobaki hufutwa. Riba hufuata mfumuko wa bei, kwa hiyo nahesabu kwa thamani ya pauni ya leo, na kwa ada peke yake. Mkopo wa chakula na pango huongezeka juu yake.

Tuwachukue wahitimu wawili wa darasa moja. Mmoja anaajiriwa na shirika dogo linalotetea wapangaji wanaofukuzwa, kwa pauni 30,000. Anakatwa 450 kwa mwaka, yaani 37.50 kila mwezi. Mshahara wake usipopanda, atakatwa kwa miaka yote 40, atakuwa amelipa 18,000, na 10,605 zitabaki kwa walipa kodi. Mwenzake anaingia benki kwa 80,000: anakatwa 4,950 kwa mwaka, na ndani ya miaka 6 amemaliza.

Kwangu mimi huu si mkopo, ni kodi inayodumu muda mrefu zaidi kwa aliyechagua kuitumikia jamii aliyofundishwa kuichambua. Serikali ingeiita kodi waziwazi, bunge lingejadili viwango vyake kama kodi nyingine. Scotland imechagua njia nyingine: kijana wa huko anayesoma siasa na uchumi Glasgow hulipiwa ada na serikali yake kwa miaka yote 4.