Seli za Haidrojeni na Funzo la Beni

Seli ya haidrojeni ni chombo kinachozalisha umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni bila kuwasha moto, na ingawa William Grove wa Uingereza alionyesha kanuni yake tangu mwaka 1839, bei yake ingali juu, kwa sababu kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha muungano huo bila chenyewe kuisha, kwa kawaida hutengenezwa kwa platini, metali adimu na ghali. Watafiti wanaotafuta mbadala hupima michanganyiko mingi, lakini majaribio yaliyoshindwa mara nyingi huishia katika daftari la maabara, na wenzao wa nchi nyingine huyarudia bila kujua.

Upotevu huo ndio unaotibiwa na usimamizi wa maarifa, yaani ukusanyaji wa matokeo katika hifadhidata zenye mpangilio mmoja. Materials Project, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2011, huweka wazi sifa za maada zilizokokotolewa kwa kompyuta, na Open Catalyst Project ya mwaka 2020 hutoa mahesabu ya kufundishia programu zinazokisia kichocheo kinachofaa kabla hakijajaribiwa maabarani.

Wakazi wa Beni na Butembo, miji ya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanaijua thamani ya kumbukumbu za namna hiyo kwa uchungu. Katika janga la Ebola la 2018 hadi 2020, jaribio la PALM, lililoanzia Beni Novemba 2018, lililinganisha dawa 4 kwa utaratibu mmoja, hata Agosti 2019, baada ya takwimu za wagonjwa 499 kupitiwa, ikabainika kuwa mbili kati ya hizo, mAb114 na REGN-EB3, ziliokoa watu wengi zaidi. Tena mAb114 ilitokana na kingamwili ya mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit, nchini humo, ya mwaka 1995: maarifa ya janga moja yalihifadhiwa yakafaa katika jingine.

Kwa seli za haidrojeni, Butembo ina cha kuchangia. Mji huo uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na seli hupata oksijeni pungufu, na moshi wa jenereta za dizeli una gesi za salfa zinazodhoofisha platini. Vipimo vya hali hiyo, vikichukuliwa kwa uangalifu na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben cha mjini humo na kuwekwa katika hifadhidata ya wazi, vingemfaa hata mtafiti wa pwani asiyewahi kupumua hewa ya milimani.