Siku moja ziwani Duluti: furaha ya watoto, amana ya wazazi

Ndugu msomaji, yapo mapumziko yasiyomgharimu mtu mali nyingi wala kumtoa katika mipaka ya heshima yake. Miongoni mwa hayo ni mzazi kuichukua familia yake siku moja, akatoka nayo katika vumbi na makelele ya jiji la Arusha, akaenda kuipandisha mtumbwi katika ziwa lililo jirani. Watoto huikumbuka siku kama hiyo kwa miaka mingi. Lakini maji hayana mchezo, na safari ya maji isiyopangwa huweza kugeuka kuwa msiba. Kwa hiyo leo tuizungumze safari hii hatua kwa hatua, tukianza na mahali pa kwenda.

Wakazi wengi wa Arusha hupita Tengeru kila wiki wakielekea Usa River au Moshi, wala hawajui kwamba upande wa kusini wa barabara ile, nyuma ya migomba na mikahawa, limejificha Ziwa Duluti. Ziwa hili limo ndani ya shimo lililoachwa na volkano ya zamani. Lipo kiasi cha kilomita 15 kutoka katikati ya jiji, na pembezoni mwake umesimama msitu wa hifadhi wenye miti mikubwa ya asili. Asiye na gari hupanda daladala mpaka Tengeru, kisha akashuka kwa miguu kwa mwendo usiofika nusu saa. Mahali hapa pana historia pia, kwani jirani yake ndipo ilipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000 waliofika kuanzia mwaka 1942 wakikimbia vita kuu ya pili, na makaburi yao yapo Tengeru hadi leo.

Mwenye uwezo zaidi anaweza kwenda Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Maziwa ya huko yana maji ya magadi, na kila moja lina rangi yake kwa sababu ya aina ya mwani uliomo. Heroe hukusanyika huko kwa maelfu katika baadhi ya misimu. Mitumbwi huruhusiwa katika Momella Ndogo, lakini ni lazima kuandamana na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa kuwa viboko wamo majini na nyati wako kando. Huko kuna kiingilio cha hifadhi na malipo ya mtumbwi, na raia akibeba kitambulisho chake hulipa kiwango cha Mtanzania. Kwa familia yenye watoto wadogo, sisi tunaona Duluti yatosha.

Ama kuhusu wakati, mtu asidanganywe na neno likizo. Mwezi Machi hadi Mei ni masika, na njia za udongo mweusi hutereza hata kwa mtembea kwa miguu. Juni na Julai ni wakati wa baridi, na aghalabu mawingu huufunika Mlima Meru mpaka adhuhuri, hata watoto hutetemeka kabla ya kugusa maji. Siku njema kuliko zote ni zile za kiangazi kifupi cha Januari na Februari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha. Asubuhi ya siku kama hiyo maji hutulia kama kioo, na mlima hujionyesha wote. Mchana upepo huanza kuvuma na mawimbi madogo huinuka. Basi shughuli ya mtumbwi na iwe asubuhi, kati ya saa mbili na saa tano, na mchana uachiwe chakula na matembezi ya msituni.

Mpango huu unaafikiana vema na nyakati za swala. Katika miezi hiyo adhuhuri huingia baada ya saa sita na nusu, na alasiri mnamo saa kumi. Familia iliyoshuka mtumbwini saa tano ina nafasi ya kutosha ya kutawadha, kutandika mkeka chini ya miti na kuswali kwa utulivu, kisha ikala. Haifai mtu aghafilike katikati ya ziwa hadi wakati umpite. Na siku yenyewe iwe Jumamosi au Jumapili, ili Ijumaa ibaki na haki yake.

Maandalizi ya chakula hayahitaji israfu. Wali wa nazi, maharage, ndizi na matunda ya soko la Tengeru vyatosha. La muhimu zaidi ni maji ya kunywa, nayo yabebwe kutoka nyumbani. Maji ya chemchemi nyingi za ukanda wa Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, ndiyo sababu ya meno ya rangi ya kahawia tunayoyaona kwa wenyeji wengi. Tena watoto wasiachwe kuchezea maji ya kando penye majani na konokono, maana huko ndiko kichocho hupatikana. Taka zote zirudi mjini. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, basi kapu la ukili litumike.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Nchi yetu imelipa gharama kubwa majini. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Ukara, kikiwa na watu wengi mno kuliko wale mia moja hivi kilichoruhusiwa kubeba, na zaidi ya watu 220 wakafariki. Waliokuwa ndani waliuona ufuo kwa macho yao. Mtu asiseme, basi, kwamba ziwa letu ni dogo na ng'ambo yake inaonekana.

Mwandishi wa makala haya naye aliwahi kujaribiwa. Tulikuwa watu sita katika ziwa mojawapo la kaskazini, na mwenye mtumbwi alikuwa na jaketi nne tu za kuelea. Akatuambia, "Pandeni tu, mzee wangu, hapa ni karibu." Watoto walikwishavua viatu. Mdogo wangu alikataa, akasema, "Kaka, tugawane, twende mara mbili." Mwanangu wa mwisho alibaki ufukoni akilia, na mimi niliona haya mbele ya watu kana kwamba nimemnyima haki yake. Baada ya nusu saa zamu yake ilifika, akapanda akiwa amevaa jaketi, akarudi akicheka. Kilio cha nusu saa ni kitu chepesi. Mzazi asiyeweza kukivumilia asiende ziwani.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, hesabu watu kisha hesabu jaketi. Jaketi la mtoto likushike mkono: mwinue kwa mabega ya jaketi, na likipanda mpaka masikioni basi ni kubwa mno kwake. Ndani ya mtumbwi kila mtu akae chini, uzito uwe sawa pande zote, wala asisimame mtu kupiga picha. Buibui, kanzu na vitenge vizito vikilowa humvuta mtu chini, basi wavaaji wachague nguo za stara zilizo nyepesi na zisizozonga miguu, na jaketi livaliwe juu ya vazi. Mtumbwi ukipinduka, shikilieni mtumbwi wenyewe, kwani huelea. Asijitokeze shujaa wa kuogelea hadi pwani. Na mtu mzima mmoja abaki nchi kavu akiwa na simu, akijua mmeondoka saa ngapi na mko wangapi.

Wapo watakaosema kwamba tahadhari zote hizi ni kutomtegemea Mungu. Hilo si kweli. Kutawakali huja baada ya mja kufanya lililo katika uwezo wake, na jaketi la kuelea limo katika uwezo wa kila mwenye kuamua kulidai. Watoto ni amana mikononi mwetu, na amana hairudishwi kwa udhuru wa "ilikuwa karibu tu."

Basi, ndugu msomaji, kiangazi kikifika, watoe watoto wakaione neema iliyo kilomita 15 tu kutoka mlangoni kwao. Waonyeshe mdiria akipiga mbizi na kenge akiota jua, na mlima wao juu ya maji. Kisha jioni, kabla ya kupanda daladala, wahesabu tena. Inshaallah mtarudi mkiwa idadi ile ile mliyoondoka nayo.